Joto Hutuliwa Wapi?

Mwatima hakuwahi kumuogopa mkaguzi maishani mwake mpaka Jumatatu ile. Na kilichomtia hofu ni kwamba safari hii mkaguzi alikuwa anakuja kutafuta jambo la kweli.

Barua ilifika wiki mbili kabla. Mwalimu Mkuu, Bwana Msabah, aliwasomea walimu wote, akaikunja, kisha akamtazama Mwatima peke yake. Mtu mmoja ambaye hakutia jina lake alikuwa amepeleka habari mjini kwamba katika skuli ya Kilimajiwe fizikia inasomeshwa kwa Kiswahili. Na sheria inajulikana: mtoto akishaingia sekondari, sayansi ni kwa Kiingereza, tangu kipindi kinapoanza mpaka kengele inapolia. Atakuja mkaguzi akae darasani asikilize. Akikuta ni kweli, darasa la sayansi la kidato cha tatu litafungwa. Wanafunzi wake kumi na wanne watatiwa kwenye masomo ya sanaa, na atakayeitaka sayansi khasa aifuate skuli nyengine, ambayo iliyo karibu iko kilomita kumi na saba.

"Kumi na saba," alirejea Bwana Msabah walipobaki wawili. "Hebu niambie, Mwalimu, wa kike wangapi watakaoachiliwa na wazee wao kwenda huko?"

Mwatima aliwahesabu kichwani. Katika wale kumi na wanne, tisa walikuwa wa kike.

"Sasa niambie, ni kweli?"

"Nawachanganyia," alisema Mwatima. "Nikisema Kiingereza peke yake naona macho yao yanazimika, kama nyumba iliyokatikiwa umeme. Basi namalizia kwa Kiswahili."

"Usimalizie."

"Hewala."

"Sikiliza, mwanangu. Wazee wa hapa darasa lile wamelijenga kwa mikono yao, wamevunja mawe na wamechoma chokaa. Hawakulijenga ili watoto wakasomeshwe Kiswahili. Hicho wamezaliwa nacho. Wanataka mtoto wao aweze kusimama pale msitu wa Jozani amueleze mgeni habari za kima punju, wale kima wekundu, au aende chuo kikuu Tunguu kama ulivyokwenda wewe. Wewe ulikwenda na nini?"

Mwatima alikwenda na Kiingereza. Alitoka kisiwani Tumbatu na kisanduku cha nguo na msamiati aliouandika kwenye daftari la kurasa mia mbili, na Kiingereza hicho ndicho kilichompa cheti na mshahara na chumba cha kukodi hapo Kilimajiwe, kwenye nchi ya mawe ambayo watu hulima muhogo ndani ya vishimo vya jiwe. Kwa hivyo hakubishana. Jumatano ya wiki ya pili aliingia darasani, akafungua kitabu kwenye kurasa tatu zinazozungumza habari ya mvukizo, namna maji yanavyogeuka mvuke.

"Jumatatu tuna mgeni," aliwaambia. "Kurasa hizi tatu mzijue barabara. Mtaulizwa kwa Kiingereza na mtajibu kwa Kiingereza."

"Tuzijue vipi, Mwalimu?" aliuliza Ame, kiongozi wa darasa.

"Mzijue tu. Msije mkanitia aibu."

Hayo ndiyo aliyoyasema, wala hakuongeza neno. Angelijua walivyomfahamu, angeliongeza.

Mkaguzi alifika saa tatu kasoro robo. Alikuwa Bi Faiza, mwanamke aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu, baibui lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe Mwatima? Mtumbatu?"

"Naam."

"Nimekujua kwa sauti. Nyinyi hata mkinong'ona mtu wa Mkokotoni, ng'ambo ya bahari, anageuka." Alicheka peke yake, kisha uso ukarudi kazini. Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Mimi leo nna kikaratasi hiki tu. Suali la kwanza ndilo lenye kazi. Somo limesomeshwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho? Ndio, au Hapana. Katikati hawakuweka kitu."

Alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigonga meza. Bwana Msabah akasimama mlangoni, nusu ndani na nusu nje.

Mwatima akaanza. Akasema kwa Kiingereza kwamba leo watazungumzia mvukizo, akageuka, akauliza suali jepesi kuliko yote: mvukizo ni nini?

Wanafunzi wote kumi na wanne wakasimama.

Ame akavuta pumzi, akaanza mstari wa kwanza, na wenzake wakampokea. Sauti zilikuwa moja. Miili ikiyumba kidogo mbele na nyuma, macho yametazama ukutani, walisoma kwa Kiingereza ukurasa wa kwanza wote, neno kwa neno, hawakuruka wala hawakukwama. Wakaingia wa pili. Walipofika pahala ambapo kitabu kinasema tazama mchoro, wakautaja mchoro na namba yake, wakanyamaza kidogo kwa adabu kama wanaoupisha upite, wakaendelea. Wakamaliza ukurasa wa tatu na mazoezi yaliyo chini yake, na hata namba ya ukurasa wakaitia. Kisha wakakaa kwa pamoja.

Mwatima alikuwa ameshika chaki hewani. Na yeye kakulia chuo cha Kurani, alifahamu papo hapo. Ame alikuwa ameshahifadhi juzuu ishirini za Kurani, na watoto hawa siku zote tano tangu Jumatano walikuwa wamekaa naye baada ya sala ya alasiri, mstari mmoja mmoja, anasema wanapokea, anayekosea anarudishwa mwanzo, kama walivyofunzwa kuhifadhi tangu wana miaka minne. Mwalimu kasema wazijue, na wao kujua kitu barabara wanajua njia moja isiyovunjika. Kurasa tatu za lugha wasiyoifahamu, wamezibeba zote vifuani na hawakuangusha hata herufi. Mwatima alitaka kucheka, na alitaka kulia, na zaidi ya yote alistaajabu. Kwenye chuo kikuu hakuwahi kumuona mtu mwenye uwezo kama ule, na hapa walikuwa kumi na wanne kwenye chumba kimoja.

Bi Faiza alikuwa amevua miwani. Akaivaa tena. Kalamu yake ikashuka kwenye kisanduku cha Ndio, ikasimama.

Akauliza, kwa Kiingereza kizuri na cha polepole: pale nje kwenye baraza kuna mtungi wa maji. Mtungi umekaa kwenye joto, na maji yake ni baridi. Kwa nini?

Kitabu hakikuutaja mtungi. Ame akatazama kulia na kushoto, akaona aibu inakuja, akafanya alichoweza. Akasimama, akavuta pumzi, akaanza tena ukurasa wa kwanza. Wenzake wakampokea.

Bi Faiza hakuwakatiza. Alingoja mpaka namba ya ukurasa. Kisha akauliza tena lile lile, pole zaidi. Safari hii hata Ame aliinamia meza.

Mwatima akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Angeweza kuzimaliza. Aandike ubaoni, asome, wanakili, kengele ilie. Kipindi kizima kitakuwa kimepita kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, na ile kalamu haitakuwa na pa kwenda ila kwenye Ndio. Darasa litabaki. Hakuna aliyefahamu kitu, lakini hilo kwenye karatasi halikuulizwa.

Nyuma kabisa, ubavuni mwa mkaguzi, alikaa Biasha, mtoto anayelelewa na bibi yake, msichana ambaye mwaka mzima huu hakuwahi kunyoosha mkono. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Alikuwa na kitu, anakitafutia njia, na njia haikuwepo. Mwatima aliuona mdomo ule unafunguka, unafunga, na mara macho yakaanza kuzimika.

Hakuweza.

"Biasha," aliita.

"Naam."

"Mtungi ule pale nje," alisema Mwatima kwa Kiswahili, na alimsikia Bwana Msabah mlangoni akikohoa kama mtu aliyemeza mwiba. "Kwa nini maji yake ni baridi?"

Biasha akasimama. Akamtazama mkaguzi, akamtazama mwalimu. "Nseme hivi hivi?"

"Sema hivi hivi."

"Bibi yangu asema mtungi unatoka jasho."

Darasa likacheka. "Jasho!" alisema Ame. "Kwani umetoka kulima?"

"Wewe ukalishwe barazani kutwa, kila apitaye anakuchota, hungetoka jasho?" Biasha alimjibu bila ya kumtazama. "Mtungi una vitundu vidogo, havionekani. Maji yanapenya mpaka nje, unaukuta umelowa. Yale ya nje yanakwenda zake hewani. Na yakenda hayendi hivi hivi. Yanachukua joto. Yaliyobaki ndani yanapoa."

"Umejuaje kuwa yanachukua joto?" aliuliza Mwatima.

"Mtungi wa kwa Bi Mize umepakwa rangi ya mlango, ati upendeze. Maji yake kama ya bomba la juani. Vitundu vimezibwa, hapana kinachotoka, basi joto limebaki mule mule. Na wetu ukishika utelezi bibi anausugua na kumbi la nazi, siku ile ile unapoa." Alikuwa anasema kwa haraka sasa, mikono inatembea. "Na masika haupozi vizuri."

"Masika kuna baridi," alidakia mmoja. "Ungepoa zaidi."

"Haupozi! Nenda kaonje. Masika hewa imeshashiba maji. Haitaki mengine. Maji yanafika nje ya mtungi yanakosa pa kwenda."

Mwatima akakaa juu ya ukingo wa meza yake. Hilo la masika hakulisomesha. Lilikuwa kurasa nane mbele, kwenye mlango wa kitabu ambao hawajaufikia.

"Lakini mie nna suali," alisema Biasha.

"Uliza."

"Lile joto lililochukuliwa. Maji ya mtungi yakitaka kuruka lazima yajitwike joto, bila ya mzigo ule hayaruki. Sawa. Yakapanda juu, yakawa mawingu, mawingu ni maji tena. Yameshaacha kuwa mvuke. Na mvua ikishuka huja baridi, haina mzigo." Akasita, akautafuta ubao kwa macho kana kwamba jambo lenyewe limeandikwa pale. "Basi mzigo yameutua wapi? Kila tone limetua joto lake huko juu. Matone yote ya bahari hii. Huko juu pana nini, hapawaki moto?"

Hakucheka mtu.

Mwatima akaiweka chaki mezani. Joto lile alilijua. Tunguu alilisoma kwa namba, namba ndefu yenye nukta, aliikariri, akaitia kwenye hesabu na akapata alama ya juu kabisa darasani. Miaka mitatu aliibeba namba ile, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza kinachobebwa kinatuliwa wapi. Sasa ndiyo alikuwa anaiona: bahari yote ya Unguja inajitwika, tone kwa tone, kutwa, kimya kimya, inapanda na mzigo mkubwa kuliko kitu chochote alichowahi kukifikiri, na juu kule, kila siku ya Mungu, mzigo unatuliwa. Alikuwa akiyajua haya muda wote huo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuyafahamu.

Kiti kiligonga sakafu. Bi Faiza alikuwa amesimama.

"Nani kakwambia hayo?" aliuliza, naye kwa Kiswahili.

"Hakuna, Bi. Nauliza tu."

"Kitabuni umeyaona?"

"Kitabuni sifahamu kitu, Bi. Nakisoma tu."

Bi Faiza akatembea mpaka dirishani. Miaka thelathini nyuma, kabla ya kupewa mkoba wa ukaguzi, alikuwa mwalimu wa fizikia, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwalimu. "Njooni huku. Nyote. Lione wingu lile, lile lenye kichwa kama koliflawa. Asubuhi halikuwepo. Wajua kinacholisukuma kwenda juu? Huo mzigo wa mwenzenu. Mvuke unatua joto, hewa ya pale inapata moto, inapanda, inavuta mvuke mwengine chini yake, nao unatua. Ndipo linavimba vile. Ndiyo nguvu inayong'oa mapaa ya nyumba kwenye nchi za vimbunga. Watu wa sayansi walikaa miaka na miaka hawajalijua hilo."

"Allahu akbar," alisema Ame polepole, na hakukusudia mzaha.

Kisha yakamwagika. Mmoja akataka kujua kama mtu akitoka jasho na yeye analisukuma wingu. Mwengine akauliza theluji inatua mara ngapi. Kengele ililia, na aliyeisikia ni Bwana Msabah peke yake.

Ofisini Bi Faiza aliiweka karatasi mezani, akatia alama kwenye Hapana, na hakuificha.

"Siandiki uongo," alisema. "Nimesikia Kiswahili kwa masikio yangu, na mmoja wa waliokisema nilikuwa mimi."

"Basi limefungwa," alisema Bwana Msabah.

"Nimekwenda mikutano ya lugha ya kusomeshea mpaka pasi yangu ya kusafiria imejaa. Hanoi nimeona vijana wanasoma uhandisi kwa Kivietinamu. Nimefika Iceland, nchi ya barafu, watu wake hawafiki laki nne, hawatoshi hata kuujaza mji wetu na vitongoji vyake, na daktari wao anasomea udaktari kwa lugha aliyonyonyea. Nilirudi nikaandika ripoti. Nzuri kweli." Akavua miwani. "Nimefika Ethiopia pia. Watoto wanaanza kwa lugha za kwao, wakifika sekondari wanagonga ukuta huu huu wetu. Na kila nilikokwenda nimewakuta wazee kama wa hapa, wanauliza, na mwanangu atakula nini bila ya Kiingereza? Nao hawakukosea. Hilo ndilo linalonivunja kichwa."

"Kwa hivyo?" aliuliza Mwatima.

"Kwa hivyo kamati itakaa Ijumaa, na itaisoma Hapana. Nyuma ya karatasi kuna nafasi ya maoni. Nikiandika kuwa mtoto wa Kilimajiwe kauliza suali kubwa kwa Kiswahili, watasema vizuri, na watafunga. Wanataka kuona kama mtoto akishafahamu, Kiingereza kinamfuata au hakimfuati. Nna safari ya Makunduchi, Alkhamisi nitapita hapa. Suali lile aliandike kwa Kiingereza. Aandike yeye. Ukimuandikia wewe nitalijua."

Biasha alipoambiwa aliuliza: "Nikikosea?"

"Umekosea," alisema Mwatima. "Lakini usipoandika, wote kumi na wanne mmekwisha."

Siku tatu Biasha alikaa na kamusi ya skuli, ile iliyokatika jalada. Mwatima alijizuia. Alipita nyuma yake, akaona maneno yanakatwa, yanarudi, yanakatwa tena, akaenda kusimama nje mikono mifukoni. Jumatano Ame alimfuata Biasha na daftari.

"Chukua haya, nimekuchagulia. Ukurasa wa pili mstari wa sita, na wa tatu mstari wa kwanza. Ukiyaunga yanakaribia, na hayana kosa hata moja."

"Hayo ya kitabu," alisema Biasha. "Kitabu hakikuuliza."

Ame akalitazama daftari lake, akalifunga. Akavuta kiti. "Basi nitafutie na mimi neno. Mzigo wanauitaje?"

Alkhamisi Bi Faiza hakuzima hata gari. Biasha alimpa karatasi kwa mikono miwili dirishani. Lilikuwa suali moja, maneno kumi na tisa, manne yakiwa na makosa, na moja limeandikwa kama linavyotamkwa. Bi Faiza alilisoma, akalirudia. Mwatima, aliyesimama pembeni, alingoja kalamu nyekundu itoke.

"Silisahihishi," alisema Bi Faiza. "Wakiliona safi watajua si lake." Akalibana kwenye karatasi yake na pini, akaondoka.

Jawabu lilikuja baada ya wiki tatu, barua mbili kwenye bahasha moja. Bwana Msabah alisoma ya kwanza kwa midomo tu, akaishusha.

"Darasa libaki. Mpaka mtihani wa kidato cha nne, ndipo litatazamwa upya."

"Na ya pili?"

"Yako. Onyo. Kwa kusema Kiswahili katika kipindi cha fizikia." Akamnyooshea. "Utie saini hapo chini kuwa umeipokea."

Mwatima akatia saini. Akalikunja onyo lake akalitia mfukoni, akavuka uwanja kwenda darasani. Walikuwa hawajaambiwa kitu. Wamelizunguka dirisha, wanabishana kwa sauti, na ubaoni mtu alikuwa amekwishaandika suali jengine kwa Kiingereza, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, neno la tatu limekosewa. Hakuna aliyelifuta.

Mwatima akalisoma. Akalisoma tena, pole pole, chaki mkononi. Jawabu lake hakuwa nalo.